Waya Umewekwa Wapi?



Juma hili naomba tuketi pamoja tuzungumze habari za moyo. Si moyo wa kupenda na kuchukia, bali ule wa nyama ulio kifuani, pamoja na ile mashine ndogo ambayo watu huiita betri ya moyo. Najua wengi wenu mko mbali na hospitali kubwa. Lakini siku hizi wazee wetu hupelekwa mjini, wakarudi na kovu dogo chini ya mtulinga na bahasha ya karatasi ambazo hapana mtu nyumbani aliyezisoma. Mimi ni karani wa parokia, si daktari. Haya nimeyapata kwa kusoma na kuuliza, na sababu ya kuuliza ni mzee mmoja jirani yetu.

Mabibo ni mtaa wa Dar es Salaam, upande wa Ubungo. Jina lake ni lile lile la tunda la mkorosho, ila ukija leo utakutana zaidi na ndizi kuliko mabibo, maana hapa pana soko ambalo watu huliita Mahakama ya Ndizi. Mzee huyu ameuza ndizi hapo miaka mingi. Kwao ni Bukoba. Miaka mitatu iliyopita alianza kuanguka anguka. Alikuwa akisimama kupokea mkungu kutoka garini, mara macho yanaingia giza, yuko chini. Hospitalini wakampima wakakuta moyo wapiga mara 34 tu kwa dakika. Wakamwekea betri. Kizunguzungu kikaisha, akarudi sokoni, na sote tukafurahi.

Basi mwaka huu, siku ya Jumatatu asubuhi, akaja ofisini kwangu. Kutoka langoni mpaka mezani alipumzika mara mbili. Miguu imevimba, viatu havifungiki. Akaketi, akangoja pumzi, kisha akasema, "Mwalimu, niandikie barua." Huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kukaa katika meza hii. Barua ilikuwa ya kumwambia mdogo wake kwamba kibanja cha baba yao kiuzwe upesi, maana betri imekufa na inatakiwa kununuliwa nyingine kubwa zaidi.

Ninyi wasomaji wa Kagera mnajua uzito wa neno hilo. Kibanja si shamba tu. Wazee wamelala humo.

Nikamwuliza, "Baba, ni nani aliyekuambia kwamba betri imekufa?" Akasema ni mtu wa sokoni, ambaye shemeji yake naye aliwekewa. Nikauliza vidonge vyake viko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Vidonge vya nini tena, Mwalimu, na mimi nina mashine?" Nyumbani nako maneno yalikuwa mengi. Mmoja alitaka mzee apelekwe kwa mganga wa kienyeji akatolewe kile chuma. Mwingine alinong'ona habari za jirani mwenye jicho baya. Nikamwomba aniachie siku chache kabla ya barua, nami nikaanza kuuliza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la jambo.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya chini ndivyo vyenye kazi nzito: cha kulia hupeleka damu mapafuni, cha kushoto huisukuma mwilini kote. Kila pigo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme inayozaliwa mle mle moyoni, juu upande wa kulia. Cheche hiyo haitangatangi. Ina njia yake. Hushuka katikati, ikapita katika fungu moja jembamba, kisha ikagawanyika tawi la kulia na tawi la kushoto. Fungu hilo lilielezwa na daktari Wilhelm His mwaka 1893, na mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya kazi Marburg, Ujerumani, akaionyesha njia nzima mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo si habari ya jana.

Fikirini kengele ya kanisa kijijini. Ikipigwa, nyumba zote husikia kwa mara moja, watu hutoka pamoja. Ndivyo njia ya moyo inavyofanya: nyama yote ya vyumba vya chini huambiwa karibu kwa wakati mmoja, hukaza pamoja, damu inatoka. Lakini kamba ya kengele ikikatika, habari haina budi kupelekwa nyumba kwa nyumba kwa mdomo. Itafika, naam, lakini nyumba ya mwisho itaambiwa wakati wa kwanza wamekwisha kuimba wakarudi. Moyo ambao tawi lake la kushoto limeziba hufanya hivyo hivyo. Ukuta mmoja hukaza, na wa pili bado. Wa pili unapokaza, wa kwanza umekwisha kulegea. Mama aliyewahi kukamua blanketi lililolowa pamoja na binti yake anajua: mkizungusha kila mtu kwa wakati wake, maji hayatoki.

Haya, betri ya kawaida hufanya nini? Waya wake hupitishwa katika mshipa chini ya mtulinga mpaka chumba cha chini cha kulia, ncha ikashikizwa katika nyama. Moyo ukichelewa, waya hutoa cheche na moyo unapiga. Ni msaada mkubwa, na watu wengi wameishi nao maisha marefu. Mtu wa kwanza kuwekewa mashine kama hiyo ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Mashine ya kwanza ilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa nyingi baada ya hapo, akaishi mpaka mwaka 2001, akafa ana miaka 86, tena si kwa moyo.

Lakini tazameni: waya ule umeshikizwa nje ya ile njia. Cheche yake haipigi kengele. Yapita nyumba kwa nyumba, kuanzia kulia kwenda kushoto. Kwa wengi hilo halina madhara. Kwa wengine, hasa wale ambao mashine inawapigia karibu kila pigo mchana na usiku, moyo huchoka polepole. Na kumbukeni moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Miezi inapita, au miaka, chumba cha kushoto kinatanuka, pumzi inakuwa fupi, miguu inajaa maji. Mashine ni nzima. Betri imejaa. Kosa ni mahali inaposukumia.

Mtu wa sokoni hakulijua hilo, wala mimi sikulijua.

Wako na wengine ambao hawakuwa na betri kabisa, bali moyo wao umelegea kwa sababu nyingine, na tawi la kushoto limeziba. Katika nchi yetu sababu kubwa ya moyo kushindwa kazi ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa wagonjwa 427 wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta hivyo kwa karibu nusu yao, na umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 55 tu. Hao si wazee wa kungoja kaburi. Ni watu wanaosomesha watoto.

Kwa wagonjwa wa namna hii madaktari walibuni, tangu miaka ya 1990, mashine yenye waya wa ziada. Waya mmoja hukaa kulia, mwingine hupitishwa katika mshipa wa moyo wenyewe mpaka nje ya ukuta wa kushoto. Ni kama kutuma wajumbe wawili, kila mmoja aanzie mwisho wake wa kijiji, wakutane katikati. Nayo imewafaa watu. Mwaka 2005 yalitolewa majibu ya uchunguzi wa wagonjwa 813 wa Ulaya: kati ya watu 100 waliotumia dawa peke yake walikufa 30, na kati ya 100 walioongezewa mashine hii walikufa 20, katika muda wa miaka miwili na nusu hivi. Hiyo si faida ya kudharau.

Hata hivyo, karibu mtu mmoja katika watatu hapati nafuu inayotazamiwa. Mshipa wa kupitishia waya huwa mwembamba au umepinda, au haupo pale unapotakiwa. Pengine nyama ya mahali pale imekufa ikawa kovu, na kovu halisikii umeme. Pengine mapigo ya ovyo ovyo huiingilia mashine ikashindwa kushika zamu yake. Wengine waya wa kushoto haukupita kabisa, wakashonwa bila huo. Wagonjwa hawa hurudi kijijini, na jamaa wanasema: tumeuza ng'ombe bure.

Ndipo madaktari wengine wakauliza swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza: kwa nini kutuma wajumbe, badala ya kwenda kuishika kamba ya kengele pale chini ya mahali ilipokatika? Mwaka 2000 daktari Pramod Deshmukh na wenzake huko Marekani walitoa habari za wagonjwa waliowekewa waya wa kudumu katika lile fungu alilolieleza His. Ilifaa, lakini fungu ni dogo sana, kulipata ni kama kutunga uzi gizani, na mara nyingi umeme mwingi ulihitajika, betri ikaisha mapema. Kisha mwaka 2017 Huang Weijian na wenzake wa Wenzhou, China, wakaandika habari za mama mmoja mwenye miaka 72. Moyo wake ulikuwa umetanuka, tawi la kushoto limeziba, na waya wa kupitia mshipani ulikuwa umeshindikana. Wao wakapenyeza waya kutoka chumba cha kulia, wakauzungusha kama parafujo ndani ya ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya chini, mpaka ncha ikakaribia upande wa pili na kuligusa tawi la kushoto mbele ya kizuizi. Kengele ikalia. Baada ya mwaka mmoja moyo wake ulikuwa umepungua ukubwa na kupata nguvu ambazo hazikuwako.

Tangu hapo njia hii imeenea katika nchi nyingi. Mwaka 2022 Wachina waliwalinganisha wagonjwa 40, nusu kwa njia hii na nusu kwa ile ya nyaya za pande mbili, na nguvu ya moyo ikaongezeka zaidi kwa wale wa njia mpya. Arobaini ni wachache, msisahau. Uchunguzi mkubwa zaidi unaendelea. Na mwaka 2023 vyama vya madaktari wa mapigo ya moyo vya Marekani, Asia na Amerika ya Kusini viliandika katika mwongozo wao kwamba waya wa pande mbili usipowezekana vizuri, inafaa kuifuata njia ya moyo wenyewe.

Hapa nataka msome polepole. Kwa njia hii mara nyingi haihitajiki mashine kubwa zaidi. Betri ni ile ile ya kawaida. Kilichobadilika ni mahali pa ncha ya waya na ustadi wa mkono unaouweka. Kwa nchi kama yetu, ambako mashine ya nyaya za pande mbili ni ghali sana, jambo hili lina maana kubwa kuliko huko matajiri waliko. Mzee wetu alikuwa tayari kuuza makaburi ya baba zake apate mashine kubwa, wala hapana daktari aliyemwambia kuwa anaihitaji.

Ziko njia nyingine nazo. Marekani waliruhusu mwaka 2025 kipande kidogo mfano wa punje ya mchele, kinachowekwa ndani ya chumba cha kushoto bila waya wowote. Hupokea nguvu kwa mawimbi ya sauti isiyosikika kutoka kwa mashine iliyo chini ya ngozi. Kimetengenezwa hasa kwa wale ambao waya wa kawaida umewashinda. Iko pia mashine iliyoruhusiwa huko mwaka 2019 ambayo haianzishi pigo. Hungoja moyo upige wenyewe, kisha huupa umeme wa kuukaza vizuri zaidi. Hiyo ni kwa watu ambao matawi yao hayajaziba. Nazitaja ili mjue ziko, si ili mzikimbilie.

Tena si kila moyo uliolegea unahitaji waya. Mwaka 2013 ilionekana wazi kwamba ukimwekea mashine ya pande mbili mtu ambaye njia zake za umeme ni nzima, humsaidii; wale ambao mashine yao iliwashwa walikufa zaidi kuliko wale ambao yao haikuwashwa. Wala kazi ya kuzungusha waya katika ukuta haikosi hatari: ncha yaweza kutoboa ikatokea upande wa pili, au kuchomoka baadaye. Kwa hiyo kwanza kipimo. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani na karatasi yenye milima midogo, huonyesha kama tawi limeziba: mlima ukiwa mwembamba njia ni wazi, ukiwa mpana njia imeziba au cheche yatoka nje ya njia. Picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti huonyesha nguvu iliyobaki. Vipimo hivi viwili havitoboi mwili, wala haviumi.

Katika Dar es Salaam mahali pa kazi hizi ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo katika eneo la Muhimbili, Upanga, ambayo imekuwa taasisi ya kujitegemea tangu mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wetu wengi wa moyo walipelekwa India. Ninyi wa vijijini anzeni zahanati, mpate rufaa kwa utaratibu. Kuja mjini bila karatasi ni kujichosha na kumchosha mgonjwa.

Ikiwa nyumbani kwenu yuko mwenye betri, itafuteni leo ile kadi aliyopewa. Ina jina la mashine na tarehe iliyowekwa. Isiwekwe chini ya godoro, aende nayo kila safari. Siku za kwenda kupimwa mashine zisipite hata kama anajisikia mzima, maana pale ndipo huonekana betri imebakiza nini, na moyo umepigiwa na mashine mara ngapi katika kila mapigo mia. Hapo ulizeni, bila aibu: waya umewekwa wapi? Mashine inapiga kiasi gani? Nguvu ya moyo ilikuwa ngapi kabla, na sasa ni ngapi? Daktari mwema hachukii maswali hayo. Nimeona watu wanaomwuliza fundi baiskeli maswali kumi juu ya mnyororo, lakini mbele ya daktari wanaitikia tu ndiyo, ndiyo.

Na mkiona miguu inavimba, au mgonjwa hawezi tena kulala chali mpaka aegemezwe mito mitatu, au anaamka usiku akitafuta dirisha, au uzito umepanda kilo mbili katika siku tatu, msingoje tarehe ya kadi. Mpelekeni. Vidonge asiache hata kimoja kwa sababu ana mashine. Mashine inasimamia mapigo. Haishushi shinikizo la damu, wala haiondoi maji mwilini.

Nirudi kwa mzee. Binti yake alimpeleka hospitalini siku ya Alhamisi, akiwa na maswali yale niliyomwandikia nyuma ya fomu ya ubatizo iliyoharibika. Betri ilikutwa nzima, yenye maisha ya miaka mingi bado. Ilikuwa ikimpigia mapigo 99 katika kila mia. Waya uko kulia, chini kabisa, na nguvu ya moyo imeshuka sana tangu siku ile alipowekewa. Simlaumu aliyeuweka, bila waya ule mzee angalikufa sokoni. Wakamrudishia vidonge, wakaongeza cha kutoa maji, wakamwambia kwamba suala la kuongeza waya mahali pengine litazungumzwa na madaktari wenye kazi hiyo, na jina lake limeandikwa.

Juma lililopita nilipita Mahakama ya Ndizi kununua matoke. Nikamkuta ameketi juu ya kreti la soda, viatu vimefungwa kamba, anahesabu mikungu inayoshushwa na vijana na kuwakaripia. Kubeba bado hawezi. Akanitania kwamba karani gani huyu, barua moja miezi miwili. Nikamwambia wino umekwisha.

Karatasi yake ingali katika mtoto wa meza yangu, nayo ina tarehe tu juu.